Urefu pekee haumfikishi mbali mchezaji wa kikapu

Katika miji ya Embu na Meru, kijana akipita futi 6 na bado yumo kidato cha pili, watu huanza kumpangia maisha. Mwalimu wa michezo humwita uwanjani. Majirani humtania kwamba karibu ataligusa paa. Naye mzazi husikia habari za vijana waliopata nafasi ya kusoma Marekani kwa sababu ya mpira wa kikapu, akaanza kuota naye.

Hakuna ubaya katika ndoto hiyo. Lakini katika shangwe zote hizo kuna swali moja ambalo aghalabu halimjii mtu: je, mwili wa kijana huyo umewahi kupimwa na daktari?

Wiki hii, msomaji, tutayatazama maisha ya mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu kwa jicho la afya. Tutaona ni nini humfanya mmoja adumu uwanjani miaka 18 na mwingine, aliyesifiwa kuliko yeye, aondoke kabla hajaanza vizuri. Kisha tutaona ni mambo gani mzazi na mwalimu wanaweza kuyafanya mapema, hapa hapa kwetu, bila kungoja klabu ya ng'ambo.

Mchezo huu wenyewe ulizaliwa mikononi mwa mtu aliyejali afya. James Naismith, mwalimu wa mazoezi ya mwili, aliubuni Desemba 1891 mjini Springfield, Marekani, ili vijana wapate cha kufanya ndani ya jengo wakati wa baridi kali. Mwaka 1898 mwalimu huyo alihitimu kuwa daktari. Tangu hapo mchezo umebadilika sana. Leo watu warefu wenye uzito mkubwa hukimbia, husimama ghafla, hugeuka na kuruka mara nyingi katika mechi moja, na kila wanapotua, miguu yao hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Mzigo huo ndio chanzo cha mengi tutakayoyaeleza.

Kijana wa Dar es Salaam

Mfano wa karibu nasi ni Hasheem Thabeet wa Tanzania. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na hakuanza kucheza kikapu akiwa mtoto mdogo. Alikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Urefu wake wa mita 2.21, yaani futi 7 na inchi 3, ulimfungulia mlango wa kwenda Marekani, akasoma katika Chuo Kikuu cha Connecticut na kusifika kwa kuzuia mipira. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimteua akiwa wa pili miongoni mwa wachezaji wote wapya wa mwaka huo. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA.

Hata hivyo, kazi yake katika ligi hiyo ilidumu misimu mitano tu. Katika msimu wake wa kwanza alishushwa kwa muda hadi ligi ya chini. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na baada ya 2014 hakucheza tena NBA, ingawa aliendelea na mchezo katika nchi nyingine.

Tusimdharau. Ni Waafrika wachache mno waliofika alikofika yeye. Funzo ni kwamba urefu ulimfikisha mlangoni, lakini humo ndani wote ni warefu. Anayedumu ni yule ambaye misuli yake, viungo vyake na maarifa yake ya mchezo vilijengwa polepole kwa miaka mingi. Anayechelewa kuanza huwa na miaka michache ya kuufundisha mwili wake kutua, kugeuka na kupambana.

Mmoja alidumu, mwingine alivunjika

Dikembe Mutombo wa Congo, aliyekuwa na urefu wa mita 2.18, alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akikusudia kuwa daktari. Badala yake akawa mchezaji, lakini hakuyaacha masomo. Alihitimu, kisha mwaka 1991 akachukuliwa na timu ya Denver Nuggets. Alicheza misimu 18 na akatuzwa mara nne kuwa mlinzi bora wa NBA.

Mwili wake ulimstahimili hadi umri wa miaka 42. Ndipo Aprili 2009, Houston ikicheza na Portland, kano inayounganisha misuli ya paja na pia ya goti lake la kushoto ikakatika. Kazi ya miaka 18 ikaisha katika nukta moja.

Katika timu ya Portland wakati huo alikuwamo Greg Oden, kijana wa miaka 21. Oden alikuwa ameteuliwa wa kwanza kabisa mwaka 2007, na wengi waliamini angetawala mchezo kwa miaka mingi. Lakini kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi, alipasuliwa goti la kulia akakosa msimu mzima. Desemba 2009 pia ya goti lake la kushoto ilivunjika. Mwisho wa yote alikuwa amecheza mechi 105 tu za ligi, idadi ambayo haifiki hata misimu miwili kamili.

Wote wawili walikuwa warefu, wenye nguvu na vipawa, na walitibiwa na madaktari hodari. Kilichowatenganisha ni magoti. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa watu wanaohudumiwa kila siku, basi mtoto anayecheza juu ya saruji iliyopasuka, kwa viatu vilivyokwisha soli, anahitaji uangalizi zaidi.

Moyo kwanza

Kabla ya magoti kuna moyo, maana goti likiharibika mtu huacha mchezo, lakini moyo ukisimama huacha maisha.

Hank Gathers alikuwa nyota wa timu ya Chuo Kikuu cha Loyola Marymount, Marekani. Desemba 1989 alizimia uwanjani. Madaktari wakagundua kwamba mapigo ya moyo wake hayakuwa ya kawaida, wakampa dawa, na baada ya muda akarudi mchezoni. Tarehe 4 Machi 1990 alianguka tena katikati ya mechi na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 23. Ilibainika kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa na ugonjwa.

Linganisha na Isaiah Austin. Mwaka 2014, siku chache kabla ya timu za NBA kuteua wachezaji wapya, uchunguzi wa afya ulionyesha kuwa ana ugonjwa wa Marfan. Huu ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha nyuzi zinazoshikilia viungo vya mwili. Hatari yake kubwa ni kwamba mshipa mkuu unaotoa damu moyoni unaweza kutanuka na hatimaye kupasuka. Ndoto yake ya NBA iliishia hapo, lakini alibaki hai, na baada ya miaka miwili ya uangalizi daktari wake alimruhusu kucheza tena, akacheza katika nchi nyingine.

Ugonjwa wa Marfan humpata mtu mmoja hivi kati ya kila watu 5,000. Kwa bahati mbaya, mwili unaougua huwa ndio mwili ambao mwalimu wa kikapu anautafuta: mrefu, mwembamba, wenye mikono mirefu. Dalili zake ni hizi:

- Mikono ikinyooshwa pande zote mbili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, inazidi urefu wa mtu kwa kiasi cha kuonekana wazi.
- Kidole gumba na kidole cha mwisho vikizungushwa kwenye kifundo cha mkono wa pili, vinapitana.
- Kifua kimebonyea ndani au kimetokeza nje, au uti wa mgongo umepinda.
- Macho hayaoni mbali hata kidogo tangu utotoni.
- Katika ukoo kuna mtu aliyekufa ghafla angali kijana.

Dalili moja peke yake haitoshi kusema mtoto ni mgonjwa. Wako warefu wengi wenye afya njema. Lakini dalili mbili tatu zikikutana, daktari amwone kabla ya mazoezi mazito.

Kwetu kuna adui mwingine wa moyo asiyechagua urefu. Mtoto anayeumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na baadhi yao hukua bila kujua. Wanapoanza mazoezi makali ndipo pumzi huwakatika. Kwa hiyo koo la mtoto lisipuuzwe, na dawa zikitolewa zimalizwe zote.

Mchezaji yeyote anayezimia akiwa katikati ya mazoezi, anayeumwa kifua akikimbia, anayehisi moyo ukienda mbio bila mpango, au anayehema kuliko wenzake wote, asimame mara moja. Asirudi uwanjani mpaka apimwe. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi wala hakichukui muda mrefu, na daktari akiona haja atamtuma kupigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Tangu 2006 wachezaji wote wa NBA hupimwa moyo kwa njia hizo kabla ya msimu kuanza.

Na je, mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, hajibu wala hapumui sawasawa? Kumwagia maji kichwani ni kupoteza wakati. Mtu mmoja atafute gari na msaada wa hospitali. Mwingine apige magoti kando yake, aweke viganja vyote viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, na kukandamiza kwa nguvu hadi kifua kiingie kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Kila shule yenye uwanja ingefaa kuwa na walimu wawili au watatu waliofundishwa jambo hili.

Kifundo cha mguu

Jeraha linaloongoza katika kikapu ni kuteguka kwa kifundo cha mguu. Mchezaji huruka, akatua juu ya mguu wa mwenzake, na kifundo kikapinda kwa ndani. Kano za upande wa nje huvutika au kuchanika.

Hapa ndipo tunapokosea sana. Mtoto hupelekwa akandwe kwa mafuta moto na kuvutwa mguu jioni ile ile. Katika siku mbili tatu za mwanzo, joto na kukandwa huongeza uvimbe na damu ndani. Njia bora ni kumpumzisha, kuweka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 au 20 mara kadhaa kwa siku, kufunga bendeji isiyobana mno, na kuinua mguu juu ya mto.

Utajuaje kama mfupa umevunjika? Akishindwa kupiga hatua nne, au akiumia sana unapobonyeza mfupa wenyewe unaotokeza kwenye kifundo, mpeleke apigwe picha ya eksirei. Usingoje kesho kutwa.

Jambo la pili ni haraka ya kurudi. Kifundo kilichoteguka mara moja hupenda kuteguka tena, hasa mchezaji akirudi kabla nguvu hazijarejea. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: asimame kwa mguu mmoja, kwanza macho yakiwa wazi na baadaye yakiwa yamefumbwa, kila siku kwa dakika chache. Zoezi hili huufundisha mguu kujishikilia.

Goti

Maumivu ya goti kwa wachezaji ni ya aina mbili. Ya kwanza huja polepole. Kano iliyo chini ya pia ya goti huchoshwa na kuruka kila siku. Kwa mtoto anayekua haraka, huenda uvimbe mgumu ukatokea mbele, chini kidogo ya goti. Huyu apunguziwe kuruka kwa muda. Kumwambia avumilie kama mwanamume ni kumharibia mbele.

Aina ya pili huja ghafla. Mchezaji anakimbia, anageuka, anasikia kitu kikilia ndani ya goti, na baada ya saa chache goti limejaa. Mara nyingi hiyo ni kano ya ndani inayozuia mfupa wa mundi usiteleze mbele. Ikikatika, wengi wanaotaka kurudi katika mchezo wa namna hii hufanyiwa upasuaji, na kupona huchukua miezi tisa hadi mwaka au zaidi.

Wasichana hupatwa na jeraha hili zaidi ya wavulana. Mwalimu wa timu ya wasichana anaweza kupunguza hatari hiyo kwa kuwafundisha kutua. Wanaporuka, watue kwa miguu miwili, magoti yakunjwe yasikae wima, wala yasiangukiane kwa ndani. Dakika 15 za mazoezi haya na ya kujenga misuli ya mapaja, kabla ya kuanza kugombea mpira, zinaokoa miezi ya magongo.

Miraa na muguka

Hatuwezi kuzungumzia mchezaji wa Meru na Embu tukauruka mmea uliosomesha wengi. Miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Mbeere, ni mali ya wakulima, na makala haya hayana ugomvi nao. Lakini mwili wa mchezaji una hesabu yake.

Majani hayo huongeza mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Hufukuza njaa na usingizi. Mchezaji anayetafuna usiku na kucheza asubuhi anaingia uwanjani bila chakula, bila usingizi, na moyo wake ukiwa tayari umekimbizwa. Akiwa na ugonjwa wa moyo uliojificha, hatari huzidi.

Kuna hatari ya pili, nayo ni ya kazi yenyewe. Kemikali mbili zilizomo katika majani hayo, kathinoni na kathini, zimo katika orodha ya kimataifa ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Kwa kathini, kosa huhesabiwa mkojo ukiwa na zaidi ya mikrogramu 5 kwa mililita. Humu nchini upimaji husimamiwa na Shirika la Kukabiliana na Matumizi ya Dawa za Kusisimua Misuli, ADAK. Mchezaji anaweza kufungiwa kwa kitu alichokizoea kukiona kikiuzwa kando ya barabara. Aidha, Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, na katika nchi kadhaa anakoota kucheza ni kosa la jinai kuwa nayo.

Sahani na kitanda

Mchezaji chipukizi hahitaji unga wa kopo wala vidonge vya kujaza misuli. Mashamba yaliyo chini ya Mlima Kenya yana karibu kila kitu. Githeri huchanganya mahindi na maharagwe, na mwili hupata nguvu na protini kwa pamoja. Njahi, ndengu, mayai na maziwa hujenga misuli na mifupa. Ndizi, nduma na viazi vitamu hutoa nguvu ya kukimbia. Wasichana waongezewe mboga za kijani, nyama au dagaa, kwa kuwa damu ya kila mwezi hupunguza madini ya chuma, na upungufu huo huleta uchovu ambao watu huuita uvivu.

Kitanda nacho ni sehemu ya mazoezi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Mwanafunzi wa bweni anayelala usiku wa manane na kuamshwa saa kumi alfajiri, kisha akacheza jioni, anajenga mwili mchana na kuubomoa usiku.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, kabla ya msimu wa mashindano ya shule, mpeleke mtoto akapimwe. Eneo hili halina uhaba wa mahali pa kuanzia: kuna hospitali za rufaa za Embu na Meru, na katika barabara inayoziunganisha kuna Chogoria na Consolata Nkubu. Walio Igembe wana Maua Methodist. Mweleze daktari kuwa mtoto ni mchezaji. Aulizwe habari za kuzimia, za maumivu ya kifua na za vifo vya ghafla katika ukoo. Apimwe shinikizo la damu, na moyo wake usikilizwe.

Pili, viatu. Kiatu cha mchezo kisichoteleza, kilichomkaa sawa, ni afadhali kuliko jezi yenye jina la nyota.

Tatu, muulize mwalimu: timu inafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki? Angalau siku moja au mbili mwili upumzike kabisa. Na mtoto akiumia, nani huamua kwamba amepona? Uamuzi huo usiachiwe mtoto mwenyewe, kwa maana kila mchezaji husema yuko sawa.

Nne, kitabu kisiwekwe kando. Kenya ilishiriki fainali za Afrika jijini Nairobi mwaka 1993, kisha ikakaa miaka 28 bila kurudi hadi 2021 kule Kigali. Wachezaji wetu wengi hodari wameishi kwa mishahara ya taasisi zenye timu, kama vile mabenki, jeshi na mamlaka ya bandari, na si kwa kikapu peke yake. Mutombo alikuwa na shahada kabla hajalipwa hata senti na timu yoyote. Baada ya mchezo alijenga hospitali mjini Kinshasa iliyopewa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, aliyefariki 1997 baada ya kushindwa kufikishwa hospitalini. Yeye mwenyewe alifariki Septemba 2024 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 58, lakini hospitali hiyo ipo na wagonjwa wanatibiwa.

Kwa hiyo, kijana wako akirefuka, furahi naye. Mwache acheze, mshangilie, mpeleke mashindanoni. Ila kabla hujahesabu vikombe, mpeleke kwanza akasikilizwe moyo wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.